UZI: Kusoma jamii kupitia muziki wake, toka nyatiti na isukuti hadi benga

#1 Mwalimu_Kibos

Salamu wanajukwaa. Swali la "muziki wa taifa unaakisije utamaduni na utambulisho wake" hurudi kila muhula, na insha zinazoletwa zinafanana kama pacha. Waluo wana nyatiti, Waluhya wana isukuti, Wabukusu wana litungu, Wakisii wana obokano, kisha mwisho wa ukurasa: muziki ni kioo cha jamii. Hiyo ni orodha ya vyombo tu. Toa majina hayo, weka ya nchi nyingine yoyote, insha itasimama vilevile.

Nafungua uzi huu kwa walio karibu na muziki wenyewe huku magharibi mwa Kenya: Kisumu, Siaya, Kakamega, Bungoma, Kisii, Kericho. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kukosoa akosoe.

Kwanza swali lenyewe. Swali la utafiti linalofaa ni lile linaloanza na tendo unaloweza kuliona na kulihesabu. Badala ya "nyatiti inaakisije utamaduni wa Waluo", uliza: nani ana ruhusa ya kuisimamisha nyatiti katikati ya wimbo, anatoa nini, na akishapewa nafasi anasema nini? Hapo unaingia moja kwa moja kwenye pakruok. Mpigaji yuko katikati ya wimbo, mtu anainuka, anatoa pesa, nyuzi zinatulia, naye anajisifu au anamsifu rafiki yake kwa majina ya mafumbo. Watu wanashangilia, kisha nyatiti inaendelea. Pesa inamnunulia nafasi ya kusema; makofi atayapata kwa ufundi wa maneno yake. Ukienda kurekodi wimbo huohuo studioni, bila mtu wa kuukatiza, umeacha nje sehemu inayoeleza heshima hupatikanaje mbele za watu.

Tazama na mwili wa mpigaji. Nyatiti ina nyuzi nane juu ya kisanduku kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji hukaa chini kabisa kwenye kigoda, kwa sababu kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa chombo, na mguuni kuna njuga, gara. Mtu mmoja anabeba mahadhi, mdundo na sauti. Kidesturi mtu huyo ni mwanamume. Lakini mwanamke aliyevuma kwanza kama mpiga nyatiti wa kulipwa ni Eriko Mukoyama wa Japani, anayejulikana kwa jina la Anyango. Kwa nini mwiko ulilegea kwa mgeni kabla ya kulegea kwa binti wa nyumbani? Hilo peke yake ni mradi mzima.

Mwanaanthropolojia Alan Merriam, mwaka 1964, aliugawa uchunguzi wa muziki katika ngazi tatu: watu wanaamini nini kuhusu muziki, wanatenda nini wanapoupiga, na sauti inayotoka ni ipi. Wengi hukimbilia ya tatu, tena katika hiyo ya tatu wanachukua maneno tu.

#2 Shinyalu_Ngoma

Asante Mwalimu. Huku kwetu insha nyingi huandika "isukuti ni ngoma ya Waluhya" na kufunga daftari. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho. Waluhya wana jamii ndogo nyingi na si zote zilizo na mchezo huu tangu zamani. Wengi wameuchukua shuleni na kwenye sherehe za kitaifa. Ukianza kwa kuwachanganya wote, utambulisho unaoutafuta umeshaufuta mwenyewe.

Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Mwimbishaji anaongoza, wanaume na wanawake wanacheza kwa safu mbalimbali. Kurekodi kwa uchambuzi hakutoshi mara moja. Mwombe kila mpigaji apige peke yake dakika mbili, kisha wawili wawili, kisha wote watatu. Hizo ni rekodi saba, kama robo saa hivi. Linaloharibika: mpigaji akiachwa peke yake hubadilisha anachopiga kwa kuwa hana wa kumjibu. Waambie wenzake wawili wapige sehemu zao polepole kwa viganja juu ya mapaja, mbali na maikrofoni. Tofauti utaiona.

UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi ni haba, na hadhira imegeukia burudani nyingine. Lakini orodha ya hafla zake bado ni ndefu: kuzaliwa kwa mtoto, tohara, harusi, matanga, kumsimika kiongozi, ibada, michezo. Basi chora jedwali. Safu ya kwanza wimbo, ya pili hafla, ya tatu nani alianzisha, ya nne maneno yaliyobadilishwa. Wimbo uliokuwa wa kusherehekea mtoto wa kwanza utaukuta harusini, kisha kwenye mkutano wa siasa ukiwa na jina la mgombeaji, kisha uwanjani kwa mashabiki wa AFC Leopards. Maneno yaliyobadilika na yale yaliyogoma kubadilika ndiyo matokeo yako.

#3 Nyar_Seme

Kwenye pakruok usiandike tu "alisifiwa". Andika kila jina lilivyotajwa. Mwanamume anaweza kuitwa wuod, yaani mwana wa fulani, au nyakwar, mjukuu wa fulani. Mwanamke aliyeolewa huitwa nyar na jina la alikozaliwa, kama mimi hapa, hata akiwa na wajukuu kwa mumewe. Ukipanga majina mia moja kutoka nyimbo kumi kwa safu nne (jina, ukoo au mahali, kazi, nani anamtaja) unaanza kuona mambo. Je, watu wanatajwa kwa baba au kwa mama? Kwa kijiji au kwa mtaa wa Nairobi wanakoishi? Kazi zipi zinatajwa, walimu, madereva, wafanyabiashara wa samaki? Linganisha nyimbo za miaka ya 1970 na za ohangla, muziki wa dansi wa Waluo wenye ngoma, za sasa. Hayo hakuna chombo kitakachokuambia, maneno tu.

Tahadhari moja. Mtafiti akitoa pesa kwenye pakruok, mwanamuziki atamsifu. Jina lako litaingia kwenye data yako mwenyewe. Si kosa kutoa, kwa kweli kukaa usiku mzima bila kutoa ni uchoyo, lakini andika: umetoa lini, kiasi gani, na muziki ulibadilikaje baada ya hapo.

#4 MwanaMaseno

Shukrani walimu wangu. Simu inatosha kurekodia, au lazima nitafute kinasa sauti?

#5 Fundi_Sauti_Ksm

Simu inatosha ukiifunza adabu. Tatizo lake si maikrofoni, ni ule ujanja wa kujirekebisha sauti yenyewe. Ngoma ya kwanza ikilia, simu inajishusha. Ngoma ikinyamaza, inajipandisha. Ukisikiliza baadaye mwimbaji anazama kila pigo la ngoma kubwa, na ukipima nguvu za sauti unapima tabia ya simu. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima huko kujirekebisha na kuweka kiwango kwa mkono.

Weka muundo wa WAV, biti 24, kilohezi 48. Kwa stirio hiyo ni kama megabaiti 17 kwa dakika, gigabaiti moja na kidogo kwa saa. Matanga ya usiku kucha ni saa nane au zaidi, kwa hiyo hesabu nafasi na betri kabla ya kutoka nyumbani. Zima mtandao, simu ikipigwa rekodi itakatika. Kilele cha sauti kikae karibu na desibeli -12. Muziki wa hafla hupanda kadiri watu wanavyochangamka, na ukianza karibu na sifuri, kufikia usiku wa manane kila kitu kinapasuka. Sauti iliyopasuka haiponi.

Nyatiti: sentimita 40 hadi 60, maikrofoni ielekee kati ya mdomo na nyuzi, isiwe usawa wa mguu. Oduong'o ikigonga karibu na maikrofoni inafunika nyuzi zote nane. Isukuti: mita tatu au nne, simama upande wa mwimbishaji, ngoma ziwe nyuma yake. Ohangla ya vyombo vya umeme: kaa mbali na spika na mbali zaidi na jenereta. Ngoma za ohangla za asili zilizowambwa ngozi ya kenge zina mlio mkali wa juu, ndio unaopotea wa kwanza sauti ikipitia spika mbovu.

Piga kofi moja kubwa mbele ya kamera na maikrofoni mwanzoni, litakusaidia kulinganisha picha na sauti. Sema kwa mdomo tarehe, mahali, hafla. Jina la faili lianze na mwaka: 2026-08-15_Shinyalu_isukuti_03. Usitume rekodi kwa WhatsApp halafu ukaifuta ya asili, kwa sababu inayofika kule imebanwa na imepoteza vitu. Nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba unayolala.

Mvua ikianza kwenye mabati, zima tu. Hakuna programu itakayokutoa hapo.

#6 Kanduyi_Litungu

Naongea ya Bungoma. Litungu lina nyuzi saba, ni ndugu ya nyatiti ila lina mambo yake, na wanaoliandika kama "nyatiti ya Wabukusu" wanakera. Ila anayetaka kuona muziki ukifanya kazi ndani ya jamii asianze na litungu. Aende kwenye nyiso, nyimbo za jandoni.

Tohara ya Wabukusu ni Agosti ya miaka shufwa, kama 2024 na 2026. Ukija mwaka witiri utapata watu wakikuimbia kwa hisani, jambo tofauti kabisa. Siku za kabla ya kisu, kijana huzunguka kwa jamaa kuwaalika, akigonga chinyimba, kengele za chuma, kwenye bangili za chuma za mkononi, huku wenzake wakiitikia. Huo ni mwaliko, na ni mtihani pia. Jamaa wanamtazama kama mkono unachoka, kama anajua kwa kina nani aende kwanza, mjomba au baba mdogo. Kwa hiyo fuata njia yake kwenye ramani. Andika kila boma alilofika, uhusiano, alichopewa, alichoambiwa. Wimbo ni uleule siku nzima. Kinachobadilika ni anayeimbiwa.

Asubuhi akitolewa mtoni amepakwa tope huimbwa sioyaye, na wimbo hubadilika kila kitu: kasi, maneno, nani anaruhusiwa kuwa karibu. Hapo mtafiti hufuata anachoambiwa. Kuna maneno ya wazi yanayosemwa siku hiyo ambayo siku nyingine ni matusi. Yaandike kwenye daftari, na usiyatoe mtandaoni bila muktadha. Zaidi ya yote, huyo ni mtoto. Idhini ni ya mzazi, uso usionekane, na mwili wake si data yako.

#7 Santuri_Kericho

Mmekaa sana kijijini jamani. Utambulisho wa muziki wa huku magharibi mwa Kenya kwa miaka zaidi ya 50 umejengwa pia na santuri, na santuri ina umbo lake lililoamua wimbo uweje.

Ile santuri ndogo ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, inabeba kama dakika tatu hadi nne kila upande. Benga ya dansi, huu muziki wetu wa magitaa, ilikuwa ndefu kuliko hapo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Sikiliza kwa saa mkononi: maneno hukaa mwanzo, kisha waimbaji wananyamaza na gitaa la solo linachukua uwanja, besi inaruka, kasi inapanda. Andika dakika na sekunde ya kila badiliko kwa nyimbo 20 na utapata ramani ya umbo la benga bila kujua nota hata moja. Ukitumia toleo la mtandaoni, hakikisha pande zote mbili zimeunganishwa. Wengi huchambua sehemu ya kwanza pekee, halafu wanaandika kwamba benga haina nafasi kubwa ya gitaa!

Na neno taifa hapa linateleza. D.O. Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga, alizaliwa Shirati, Tanzania, na bendi yake ikaitwa Shirati Jazz. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa nyimbo zilizosema siasa kwa mafumbo, na alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo alisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, na kule Zimbabwe muziki wenyewe ukaitwa kanindo. Hapa Kericho lebo ya Chandarana ilirekodi Wakipsigis, Waluo na wengine chini ya paa moja, na Kipchamba arap Tapotuk akaipiga benga kwa Kikalenjin. Basi benga ni ya nani? Usijibu kwa sentensi moja. Chora njia: alikozaliwa mwimbaji, iliporekodiwa, lugha, ilipouzwa.

Kama mnataka mfano mwingine wa hapa jirani, mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika kwenye gramafoni. Wao walimgeuza kiumbe nusu mtu nusu paa, akaingia kwenye wimbo wa wasichana pamoja na chepkong', kinanda chao cha nyuzi. Anayetafuta utamaduni "safi" usioguswa ataruka rekodi hiyo, na ni hasara yake.

#8 Jakondele

Mzee wa santuri, niko nawe, ila tuzuie mapema ule msemo wa "benga ni nyatiti kwenye gitaa". Kuna ukweli ndani yake: gitaa la solo hudonoa nota moja moja haraka, na kupokezana kwa sauti na nyuzi ni kwa nyatiti kabisa. Lakini pia kuna rumba ya Kongo. Kuna orutu, zeze la uzi mmoja, na ukitaka kusikia jinsi gitaa linavyomfuata mwimbaji neno kwa neno, orutu ndiyo iliyotangulia. Kuna kodiani. Na kuna omutibo, mtindo wa gitaa wa upande wa Waluhya, wa George Mukabi aliyefariki 1963: kidole gumba kinashika besi bila kukoma, kidole cha shahada kinatoa mahadhi, na mwenzake anagonga chupa ya Fanta yenye migongo. Ile chupa usiidharau. Ilikuwa bei nafuu, ilipatikana kila duka, na mlio wake unapenya. Wimbo wa Mukabi ukiwa kwa Kiswahili unamlenga nani, na ukiwa kwa lugha ya nyumbani unamlenga nani?

Kudai mtindo mmoja umezaa mwingine kunataka angalau mambo matatu: rekodi za pande zote za kipindi kinachokaribiana, kipande cha mahadhi au cha mdundo kinachofanana ukikiandika, na njia ya watu kukutana. Bila hayo sema "yanafanana", ukome hapo.

#9 MwanaMaseno

Kuandika ndiko kunakonishinda. Nikiweka nyatiti kwenye piano nota mbili zinakataa, ziko katikati. Na mdundo wa isukuti sijui nianze kuhesabu wapi.

#10 Mwalimu_Kibos

Nota haijakataa, piano ndiyo haina nafasi yake. Pima kila uzi kwa hezi, ukitumia programu yoyote ya kulinganishia gitaa inayoonyesha namba, kisha geuza kuwa senti. Oktava ni senti 1200, na hatua moja ya piano, nyeupe hadi nyeusi iliyo jirani, ni 100. Kanuni: gawa hezi ya juu kwa ya chini, chukua logi ya msingi wa 2, zidisha kwa 1200. Tuseme uzi mmoja una 220 na unaofuata una 242. Hiyo ni senti 165. Piano ina 100 na ina 200, ya 165 haina. Uzi wa kwanza ukiwa "do", ukiandika "re" umedanganya kwa senti 35, na ukiandika "re bemoli" umedanganya kwa 65. Andika 165.

Pima mara tatu: kabla, katikati na baada. Ngozi hulegea kwa unyevu, na nailoni ya kuvulia samaki, ambayo ndiyo nyuzi za nyatiti nyingi sasa, huteleza. Vipimo vikitofautiana kwa senti 20 au 30, usikimbilie kutaja mfumo wa siri. Mwombe mpigaji aulegeze uzi kisha aulinganishe tena mbele yako, mara tano. Upana wa majibu yake matano ndio unaokuonyesha anavumilia tofauti kiasi gani. Washington Omondi aliuchunguza ulinganishaji wa nyuzi za kinanda hiki kitaalamu, na somo lake kubwa ni kwamba sikio la mpigaji ndilo linalotafutwa, mashine inasaidia tu kulisoma.

Mdundo: acha kwanza mistari mitano. Punguza kasi ya rekodi hadi asilimia 60 bila kubadili kimo cha sauti (Audacity inafanya hivyo), tafuta pigo la kasi zaidi, na kila pigo hilo liwe kisanduku kimoja. Hesabu visanduku hadi mzunguko unapojirudia. Mfano wa kuandika, na sisemi huu ni mdundo wa isukuti:

Ngoma A: X . . X . . X . . X . .
Ngoma B: X . X . X . X . X . X .

Visanduku 12, A inapiga mara nne, B mara sita. Ukisikiliza A unahesabu nne, ukisikiliza B unahesabu sita, na wote mko sawa. Pigo la msingi ni lipi? Usiamue kwa kugonga mguu wako, mguu wako umelelewa na redio. Tazama nyayo za wachezaji kwenye video na utie alama zinapokanyaga. Pengine mabega yanafuata mstari mmoja na miguu mwingine. Andika vyote viwili.

#11 Mokisii

Na mkifika Kisii, obokano una nyuzi nane pia, ni mkubwa kuliko nyatiti na sauti yake ni ya chini kabisa. Spika ya simu haitoi zile sauti za chini, kwa hiyo msiuchambue kwa spika ya simu. Vaeni visikizi.

Halafu yale maelezo kwamba nyuzi nane za nyatiti ni nne za kuzaliwa na nne za kufa: yaandikeni kama maelezo yanayotolewa, mkitaja ni nani kayatoa na kwa hadhira gani. Mwenye kinanda anaweza kumpa mgeni maelezo ya kupendeza, na mwanafunzi wake akampa lingine.

#12 Shinyalu_Ngoma

Jambo lingine: msirekodi mashindano ya muziki ya shule mkasema hiyo ndiyo isukuti. Pale kuna muda uliowekwa, kuna majaji, kuna kuingia na kutoka jukwaani kwa mstari, mavazi ya katani yanayofanana. Mwimbishaji hana nafasi ya kurefusha ubeti kwa sababu mtu fulani ameingia. Ukitaka isukuti, nenda ilipo na kazi ya kufanya.

#13 Nyar_Seme

Hapo nakupinga, kaka. Swali la uzi ni utambulisho wa taifa, na hakuna mahali taifa linatengenezwa waziwazi kama kwenye yale mashindano. Watoto wa Kisumu wanacheza isukuti, watoto wa Kakamega wanacheza ohangla, na jaji anaamua nani "ameitunza asili". Asili gani, na imeandikwa wapi? Chukua maoni ya majaji wanayoyasema baada ya kila kundi, yanukuu, yapange. Yataonyesha Kenya rasmi inataka utamaduni wake uonekaneje: unadhifu, furaha, maadili, hakuna matusi, hakuna mlevi. Hilo nalo ni matokeo.

#14 Shinyalu_Ngoma

Sawa dada, nakubali kama mtu atasema wazi anachunguza mashindano. Ninachokataa ni kuyaita kijiji.

#15 Wakili_Milimani

Kwa ufupi upande wa sheria, maana hamjagusa. Utafiti rasmi unataka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Omba mapema kabla hujapanga safari, na uwe na barua ya chuo. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua jamii kama mwenye mali, na matumizi nje ya desturi yanahitaji idhini ya jamii iliyoelezwa kinachofanyika. Sahihi ya mwanamuziki mmoja inakupa idhini ya mwanamuziki huyo tu. Mpigaji ana haki kwenye uigizaji wake na aliyerekodi ana haki kwenye rekodi, kwa hiyo andikianeni tangu mwanzo: kwa ajili ya masomo tu, au na mtandaoni pia? Nani anapokea kitu ikiuzwa? Kwa asiyependa karatasi, rekodi idhini kwa sauti mwanzo wa faili, kwa lugha yake. Picha na majina ya watoto yanaangukia pia sheria ya data ya 2019.

#16 Mwalimu_Kibos

Ahsante wakili. Kwa waliouliza faraghani, "mbona hamzungumzi wimbo wa taifa?" Ni mfano mzuri, ila unataka kushikwa vizuri. Mwaka 1963 wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kuuandaa, na wakachukua mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo wa Tana River. Omondi huyo ndiye wa nyatiti niliyemtaja juu. Wimbo una beti tatu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na unaenda kwa ngazi ya maina, ile wengi huisikia kama ya huzuni au ya unyenyekevu.

Jaribu zoezi hili darasani. Tafuta rekodi ya mtu akiuimba peke yake bila vyombo, na nyingine ya bendi ya shaba. Sikiliza kilichoongezwa: tarumbeta, kasi ya gwaride, sauti nne za kwaya. Mahadhi yanabaki ya mama na mtoto, mavazi ni ya jeshi. Kisha uliza kwa nini kamati haikuchukua wimbo wa jamii kubwa, Waluo, Wakikuyu au Waluhya. Andika uwezekano mbalimbali na ushahidi wa kila mmoja, usijaze pengo kwa kubahatisha.

#17 MwanaMaseno

Nimejaribu kuandika swali langu: "Jinsi pakruok katika ohangla ya Kisumu inavyoonyesha utambulisho wa vijana wa mjini." Limekaa?

#18 Mwalimu_Kibos

Limekaribia. "Vijana wa mjini" ni pana na "utambulisho" hujasema utauona wapi. Punguza hivi: katika ohangla za kumbi tatu za Kisumu, Ijumaa na Jumamosi, wanaojisifu wanajitaja kwa ukoo, kwa mtaa au kwa kazi, na nani hutajwa bila kulipa? Sasa una kitu cha kuhesabu.

Tumia ELAN, programu ya kuandikia maelezo chini ya rekodi. Tengeneza tabaka tano chini ya sauti: maneno kama yalivyosemwa, tafsiri, aliyetajwa, aina ya utambulisho (ukoo, mahali, kazi, kingine), na kilichotokea kwenye muziki wakati huo, kama kinanda kilinyamaza kabisa, kilishuka au kiliendelea. Hilo tabaka la tano usiliache. Kwenye ohangla ya kinanda cha umeme mara nyingi mdundo hauzimwi, unashushwa tu, na mtu anasema juu yake. Nyatiti ilikuwa inanyamaza. Ukipata tofauti hiyo kwa namba, nusu ya tasnifu iko mezani.

Tenga saa sita hadi nane za kuandika kwa kila saa moja ya rekodi, zaidi kama watu wanasemeana. Mpe mtu mwingine anayejua Kijaluo aandike dakika kumi zilezile bila kuona kazi yako, mlinganishe. Mkitofautiana kwenye majina ya mafumbo, rudini wote wawili kwa mwanamuziki akawaeleze.

#19 Fundi_Sauti_Ksm

Na ukirudi kwake nenda na nakala yake. Kadi ya kumbukumbu yenye nyimbo zake kwa MP3, majina ya nyimbo yakiwa yameandikwa, maana redio ya gari lake haifungui WAV.

#20 MwanaMaseno

Nimenakili. Ijumaa naanza na ukumbi mmoja, naleta dakika kumi za kwanza hapa mzipasue.